Dick Tiger na Marvin Hagler ulingoni Dodoma: mwongozo kamili wa kupambanisha mabondia wa zama tofauti

Ubishi wa "fulani angempiga fulani" hauishi kwa sababu wabishi wenyewe hawazungumzii pambano moja. Nimekaa miaka mingi kwenye kijiwe cha kahawa upande wa soko la Majengo hapa Dodoma, na ubishi huu nimeuona ukiwaka karibu kila Jumamosi jioni. Mzee mmoja, fundi viatu, moyo wake uko kwa Marvin Hagler tangu alipomwangusha Mganda John Mugabi raundi ya 11, Machi 1986. Vijana wanaomzunguka wana simu, na ndani ya simu wana Gennady Golovkin wa Kazakhstan. Mzee akitaja jina lake anaona zama za raundi 15 na uzito uliopimwa asubuhi ya pambano. Kijana akitaja lake anaona raundi 12, glovu za aunsi 10, na bondia aliyepimwa jana yake, akala, akanywa maji, akalala. Kila mmoja ana haki ndani ya pambano lake. Hadi adhana ya magharibi inalia, hawajasogeleana hata hatua moja.

Siku moja tuliamua kufanya kazi hii kwa utaratibu, na tangu hapo hatujarudi nyuma. Yafuatayo ni utaratibu huo, kwa uzito wa kati, ambao ndio ninaoupenda kuliko yote: watu wake wana nguvu za kumlaza mtu na bado wana miguu ya kucheza. Utahitaji daftari, kalamu za rangi mbili, kamba ya mita saba hivi, mkaa au majivu ya kuchorea chini, visoda vya drafti, na bando la kutosha kutazama mapambano marefu. Tenga jioni tatu.

Hatua ya kwanza: chagua jozi inayopimika

Uzito wa kati wa kulipwa mwisho wake ni pauni 160, yaani kilo 72.57. Ule wa ridhaa kwa miaka mingi ulikuwa kilo 75, na tofauti hiyo huwapotosha wengi. Titus Simba, aliyetuletea medali ya fedha ya uzito wa kati kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, alicheza kwa kilo hizo za ridhaa, raundi tatu tu kila pambano, na fainali alipoteza kwa John Conteh wa Uingereza, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kidogo. Namheshimu sana Simba, lakini kumtoa kwenye raundi tatu na kumtupa kwenye raundi 15 dhidi ya bingwa wa kulipwa ni kumwonea. Tungekuwa tunabuni mtu mwingine na kumvisha jina lake.

Kuna wengine hawapimiki kwa sababu hawaonekani. Harry Greb alikuwa bingwa wa uzito wa kati kuanzia 1923 hadi 1926, alipigana mapambano yanayokaribia 300, na ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Gene Tunney. Lakini hakuna picha za video zinazojulikana za pambano lake hata moja. Zilizopo zinamwonyesha mazoezini. Ukimpambanisha Greb unapambanisha sifa za magazeti. Mwanzoni mwache.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchukua mabondia wawili ambao sheria za zama zao zinakaribiana, wote wana mapambano kamili ya kutazamwa, na wote ni wa uzito wa kati wa kuzaliwa, si waliopanda kutoka chini kutafuta fedha. Sisi tulimchukua Dick Tiger wa Nigeria na Marvin Hagler wa Marekani. Miaka ishirini hivi iko kati yao, lakini wote walijua raundi ya 15 ina ladha gani. Golovkin tulimweka pembeni, ingawa vijana walinung'unika. Atapata zamu yake mkataba ukishaeleweka.

Hatua ya pili: fungeni usiku

Usimpambanishe mtu na maisha yake yote. Mpambanishe usiku mmoja. Sugar Ray Robinson aliyemsimamisha Jake LaMotta raundi ya 13 tarehe 14 Februari 1951 si Robinson aliyepanda ulingoni kwa mara ya mwisho Novemba 1965 akiwa na miaka 44. Jina moja, watu wawili. Andikeni tarehe juu ya ukurasa, mtie duara, na mtu yeyote akileta mfano wa miaka ya uzee mrudisheni kwenye duara.

Kwa Tiger tulichukua 23 Oktoba 1962, usiku alioutwaa ubingwa kutoka kwa Gene Fullmer mjini San Francisco. Kwa Hagler kulikuwa na mvutano. Fundi viatu alitaka 15 Aprili 1985, zile raundi tatu dhidi ya Thomas Hearns pale Las Vegas. Nilikataa, na bado nakataa. Usiku ule ulikuwa moto, lakini ulidumu chini ya dakika tisa. Hautuambii Hagler anafanya nini dakika ya arobaini. Tukakubaliana Hagler wa Novemba 1983, aliyekwenda raundi zote 15 na Roberto Durán.

Hapohapo futeni rekodi akilini. Rekodi ya Hagler ni ushindi 62, kupoteza 3, sare 2. Ya Tiger ni ushindi 60, kupoteza 19, sare 3. Kijana akiziona hizo namba mbili atakwambia kazi imekwisha. Haijaanza. Tiger alipofika Liverpool miaka ya 1950 kutafuta maisha alipoteza mapambano yake manne ya mwanzo huko, kwenye baridi na ugeni. Hasara hizo zimo ndani ya zile 19, na hazina uhusiano wowote na mtu aliyempiga Fullmer miaka saba baadaye.

Hatua ya tatu: andikeni mkataba

Hapa ndipo mapambano ya kufikirika hushinda au kushindwa, na hapa ndipo watu hawataki kukaa. Wanataka kuruka waende kwenye ngumi. Kaeni. Hata mabondia wa kweli hukaa hapa. Sugar Ray Leonard alipotaka kupigana na Hagler mwaka 1987, upande wake ulipigania mambo matatu mezani: raundi 12 badala ya 15, glovu za aunsi 10 badala ya 8, na ulingo mkubwa wa futi 20. Akayapata yote. Tarehe 6 Aprili majaji wawili kati ya watatu wakampa ushindi. Naamini nusu ya pambano lile lilipiganwa kwa kalamu.

Raundi. Raundi ni dakika tatu na mapumziko ni dakika moja. Raundi 15 ni dakika 45 za kupigana, raundi 12 ni dakika 36. Zile raundi tatu zilianza kuondolewa baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini la Novemba 1982. Chama kimoja kilipunguza mara moja na vingine vikafuata kabla ya muongo kwisha. Sasa tazama Hagler na Durán, 1983. Baada ya raundi ya 13 Durán alikuwa mbele kwa pointi moja kwenye kadi za pointi za majaji wawili, na kadi ya jaji wa tatu ilikuwa sawa. Hagler alizichukua raundi ya 14 na 15 akabaki na ubingwa. Ubingwa ule ulilindwa ndani ya dakika sita ambazo kwenye sheria za leo hazipo. Kila nikimsikia mtu anapambanisha mabondia bila kusema raundi ni ngapi, hukumbuka dakika hizo sita.

Kupima uzito. Zamani mtu alipimwa siku ya pambano. Leo hupimwa siku moja kabla, na bondia anayejua kujikausha, yaani kupunguza maji mwilini ili apite kwenye mizani, huingia ulingoni akiwa mzito kwa kilo kadhaa kuliko mizani ilivyosema. Hili lina uzito kwa mtu kama Tiger. Alipopanda baadaye na kuchukua ubingwa wa uzito wa juu yake, Desemba 1966, alikuwa bado mwepesi kuliko kikomo cha huko kwa kilo kadhaa. Maana yake hakuwa mtu wa kujikausha. Ukimpima jana yake na mpinzani anayejikausha, umemnyima kilo ambazo zama zake hazikumnyima.

Ulingo. Hii msiijadili kwa maneno. Chukueni kamba, tokeni nje penye vumbi, mchore kwa majivu mraba wa futi 16 kila upande, kama mita 4.9. Kisha chora mwingine wa futi 20, mita 6.1. Tofauti ya upande mmoja ni mita moja na kidogo, mtu husema si kitu. Lakini ukizidisha, wa kwanza una mita za mraba 24 na wa pili una 37. Ni mara moja na nusu. Tuliwasimamisha vijana wawili ndani, mmoja anakimbia na mwingine anamkatia njia, mikono nyuma, hakuna kugusana. Ndani ya mraba mdogo yule mkimbizi alibanwa kwenye mstari kabla hatujahesabu hadi kumi. Kwenye mkubwa alizunguka hadi mwenzake akaanza kuhema. Watu wawili walewale, na viatu vilevile vya kandambili. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kwa nini Leonard alitaka futi 20.

Majaji. Semeni ni wangapi na wanahesabu vipi. Robinson alipopoteza kwa Randy Turpin London, Julai 1951, aliyehesabu pointi alikuwa refa peke yake, ndiyo ilikuwa desturi ya Uingereza. Siku hizi ni majaji watatu, kumi kwa aliyeshinda raundi na tisa kwa mwenzake. Na majaji watatu nao hawaoni kitu kimoja: usiku wa Leonard na Hagler jaji mmoja aliandika 118 kwa 110, wenzake wawili wakatofautiana kwa 115 kwa 113, kila mmoja na mtu wake. Miaka thelathini baadaye, Septemba 2017, Golovkin na Canelo Álvarez walitoka sare, na kadi moja ilikuwa tena 118 kwa 110 upande wa Canelo. Kwa hiyo kijiweni gawaneni majaji watatu kabla ya kengele. Kila mmoja aandike kimya kimya.

Mahali na hewa. Tarehe 25 Juni 1952 Robinson alikuwa anaongoza kwa pointi dhidi ya Joey Maxim pale Yankee Stadium, New York. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba refa mwenyewe alishindwa kuendelea akabadilishwa. Robinson hakuinuka kwa raundi ya 14. Katika maisha yake yote ya ngumi hiyo ndiyo mara pekee aliyosimamishwa, na aliyemsimamisha ni jua lililokuwa limezama. Sisi pambano letu tulilileta nyumbani: uwanja wa Jamhuri, Dodoma, usiku wa Julai. Julai hapa upepo wa usiku ni baridi na mkavu, unakausha midomo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, si juu ya kumtisha bondia, ila mtu wa pwani atauhisi kifuani zikishapita raundi sita. Wote wawili wangekuja wiki tatu kabla, kwa hiyo hatukumpa yeyote nafuu.

Mkataba wetu: raundi 15, glovu za aunsi 8, ulingo wa futi 18, uzito unapimwa asubuhi ya siku yenyewe, majaji watatu. Refa anawatenganisha wakishikana, lakini hakimbilii.

Hatua ya nne: tazama miguu, zima sauti

Tazama kila pambano mara tatu. Mara ya kwanza tazama tu. Mara ya pili zima sauti, kwa sababu mtangazaji huwa ameshachagua mtu wake, na shangwe za watazamaji hupigia makofi hata ngumi zilizotua kwenye viwiko. Mara ya tatu hesabu.

Tunahesabu kwa visoda. Vyekundu mtu mmoja, vya kijani mwingine. Ngumi ikitua safi usoni au mwilini, kisoda kimoja kinaingia kwenye kikombe. Ikitua kwenye glovu au kwenye mkono, hakuna kitu. Mtu mmoja ahesabu bondia mmoja tu. Macho hayawezi kufuata wawili kwa haki. Mwisho wa raundi mimina. Mara ya kwanza mtashangaa jinsi raundi mliyoikumbuka kuwa ya mtu fulani ilivyokuwa ya mwenzake.

Lakini visoda havisemi kila kitu. Kinachoamua pambano la kufikirika ni mazoea, na mazoea yako miguuni. Jiulize maswali matatu. Akimaliza kupiga, anakwenda wapi: anabaki, anarudi moja kwa moja, au anatoka pembeni? Akipigwa, anafanya nini sekunde inayofuata? Na akibanwa kwenye kamba, anatokea upande gani?

Hagler tazama raundi ya kwanza na Hearns, polepole. Amekatwa usoni mapema na damu inashuka. Mtu wa kawaida angeshika, angepumua. Yeye anaingia ndani zaidi. Raundi ya tatu refa anamwita daktari aangalie jeraha, daktari anaruhusu, na muda mfupi baadaye Hearns yuko chini. Hilo ni zoea: hatari ikimkaribia, Hagler huzidisha mwendo. Lipo tena dhidi ya Mugabi. Andika hilo kwa kalamu ya rangi yake.

Tiger ana zoea jingine. Anakwenda mbele, lakini hakimbii mbele. Mikono iko juu, glovu zinagusa mashavu, hatua fupi fupi, mguu wa nyuma hauvuki ule wa mbele. Ngumi yake ya kushoto ya kupinda inatoka karibu na kidevu, haipigi mbali. Fullmer alikuwa ng'ombe wa vita, mtu wa kusukuma na kukanyaga, na usiku ule wa 1962 ndiye aliyerudi nyuma. Ukitaka kuona zoea hilo likifika mwisho wake, tazama pambano lao la tatu, Ibadan, 10 Agosti 1963. Ndilo pambano la kwanza la ubingwa wa dunia kufanyika Afrika ya watu weusi, na kona ya Fullmer, yaani watu wake wa pembeni mwa ulingo, ililisimamisha baada ya raundi ya saba. Mimi nikitazama pale husahau kuhesabu visoda.

Hatua ya tano: pimeni mikono, lakini pimeni vizuri

Hagler urefu sentimita 177, mikono sentimita 191. Tiger urefu 173, mikono 180. Kijana atasema Hagler ana faida ya sentimita 11. Hapana. Kipimo hicho huchukuliwa kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi ncha ya mwingine, kifua kikiwa katikati. Mkono mmoja unazidi kwa nusu yake, sentimita tano au sita, yaani upana wa vidole vitatu. Inatosha kugusa kwanza. Haitoshi kumweka mbali mtu aliyekwisha kuamua kuingia.

Cha muhimu zaidi hapa ni kwamba Hagler husimama kishoto, mguu wa kulia mbele. Miguu ya mbele ya mabondia hawa wawili inagongana, na kila mmoja anagombea kuweka wake kwa nje. Anayepata nje ana njia ya ngumi iliyonyooka. Simamisheni watu wawili kwenye majivu mwone; dakika mbili zinatosha.

Hatua ya sita: nani aliwahi kumsumbua, na kwa njia gani

Hasara na sare hufundisha kuliko ushindi. Tiger alisumbuliwa na watu wa kutembea. Joey Giardello alimnyang'anya ubingwa Desemba 1963 kwa pointi, akirudi nyuma na kuzunguka huku Tiger akimfuata raundi 15. Akaurudisha Oktoba 1965. Kulazwa kwa hesabu ya kumi kulimpata mara moja tu, mwaka 1968, kwenye uzito wa juu yake, mbele ya Bob Foster aliyekuwa mrefu na mwenye kushoto ya kuua. Kwa hiyo katika uzito wa kati msimlaze Tiger. Kama ushahidi haupo, ngumi hiyo hamna.

Hagler alipata sare na Vito Antuofermo, Novemba 1979, katika jaribio lake la kwanza la ubingwa. Wengi waliona ameshinda. Lakini kilichomsumbua ni hiki: mtu mfupi, mbishi, anayeganda kifuani na kumnyima nafasi ya kunyoosha mkono, na Hagler akapunguza mwendo raundi za mwisho akiamini kazi imekwisha. Leonard naye alimsumbua kwa kutembea, na Hagler alijisaidia kupoteza kwa kuanza raundi za mwanzo akisimama kulia badala ya kishoto chake. Raundi zile hazikurudi.

Mnaona sasa. Tiger si Leonard, hatatembea. Ni Antuofermo mwenye ulinzi bora na ngumi nzito zaidi. Hagler si Giardello, ingawa anaweza kuwa Giardello kwa raundi moja moja akitaka.

Hatua ya saba: piganeni raundi moja moja

Msichague mshindi halafu mkatafuta sababu. Mwaka 1969 kompyuta ilipewa kazi ya kumpambanisha Rocky Marciano na Muhammad Ali, na mabondia wenyewe waliigizishwa mbele ya kamera kabla Marciano hajafariki kwenye ajali ya ndege. Watazamaji wa Marekani walionyeshwa Marciano akishinda kwa nokauti raundi ya 13. Ulaya ilionyeshwa mwisho mwingine, Ali akishinda. Kompyuta moja, mabingwa wawili, kila mtu alipewa alichopenda.

Kanuni yetu ni kwamba kila raundi msemaji aeleze nini kimebadilika tangu raundi iliyopita, na kila kinachotokea kiwe na mfano kwenye pambano la kweli. Majaji wanaandika kabla ya raundi inayofuata kusimuliwa. Haya ndiyo yaliyotokea Jamhuri.

Raundi tatu za mwanzo Hagler anasimama kishoto, amejifunza. Jebu yake, ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele, kwake ule wa kulia, ni nzito, inagonga glovu za Tiger na kumrudisha kichwa. Tiger hana haraka, anapima. Ya kwanza na ya pili za Hagler. Ya tatu Tiger anaweka mguu wa kushoto kwa nje na kulia yake iliyonyooka inatua mara mbili. Naitoa kwa Tiger.

Kuanzia ya nne Tiger yuko ndani. Hapa ndipo Antuofermo alipokaa, na Tiger anakaa vizuri zaidi kwa sababu viwiko vyake vinafunika mbavu. Anapiga mwili, kushoto chini ya kiwiko, kisha juu. Hagler anajibu, hakubali kurudi, na hilo ndilo kosa lake la raundi hizi: anapigana mahali ambapo vile vidole vitatu vya mkono havina kazi. Ya nne na ya tano za Tiger. Ya sita Hagler anatumia ngumi za kutoka chini katikati ya glovu, anaichukua. Ya saba ya Tiger.

Raundi ya nane Hagler anabadili mguu, anasimama kulia kwa dakika moja, anarudi kishoto. Tiger anapoteza ule mguu wa nje na inambidi autafute upya. Ya Hagler. Ya tisa ilitugawa. Mimi niliona Tiger, kwa ngumi za mwilini. Fundi viatu aliona Hagler, kwa usafi wa zile chache zilizofika usoni. Tulirudi kwenye video za wote wawili, tukamwaga visoda, na bado kila mmoja alibaki na kadi yake. Ndivyo inavyotakiwa.

Ya 10 Hagler anatembea, mara ya kwanza usiku ule, akiweka jebu na kutoka pembeni. Ndiyo dawa ya Giardello, kwa kipimo kidogo. Ya 11 Tiger anambana kwenye kona na mshipi wa kaptura ya Hagler unalowa jasho na damu ya jicho. Ya 12 Hagler anapandisha mwendo, kama afanyavyo siku zote akiona damu yake.

Simama hapa kidogo. Kwenye kadi yangu raundi sita ni za kila mmoja. Kwa sheria za leo kengele imelia, ni 114 kwa 114, na watu wanatoka Jamhuri wakigombana hadi Chako ni Chako.

Lakini mkataba wetu ni raundi 15. Ya 13 na ya 14 ni za Hagler, na nimezitoa kwa ushahidi wa Durán: tunajua anachokifanya dakika hizo akiwa hana uhakika na kadi, na mwaka 1979 alikwisha lipia somo la kupumzika mapema. Tiger hachoki, ila hana gia nyingine ya kuongeza. Mwendo wake wa raundi ya 14 ni uleule wa raundi ya nne. Ya 15 anaichukua Tiger kwa ubishi mtupu, kifua kwa kifua, hadi kengele.

Kadi yangu: Hagler 143, Tiger 142. Fundi viatu: Hagler 144, Tiger 141. Jaji wa tatu alikuwa muuza kahawa, mtu asiyesema sana, aliyekuwa akimimina vikombe huku akiandika nyuma ya boksi la kashata. Yeye alikuwa na Tiger, 143 kwa 142, na raundi aliyotofautiana nasi ni ya 13. Alisema mtu aliyepigwa mbavu raundi nzima ya 11 hawezi kuinuka ya 13 akiwa mzima, akatuuliza tumuonyeshe ni lini Hagler alipigwa mwilini hivyo akaendelea. Tulikuwa na Mugabi tu wa kumjibu, na Mugabi alikuwa amelenga kichwa zaidi.

Jumamosi tunairudia hiyo ya 13 peke yake. Muuza kahawa ameomba ulingo uchorwe wa futi 16.